Bangili za Marita

Wanawake wa Hasamba na wa vijiji vya kuelekea Msangano walisema Roda si mnunuzi mbaya. Alifika asubuhi, kitenge kichwani, akasalimia kila nyumba, akauliza habari za wajukuu kabla ya kutaja kilichomleta. Alikaa kwenye kigoda, akapokea uji, kisha akaushika mkono wa bibi mwenye nyumba na kuugeuza taratibu ili aone bangili.

"Hii uliivaa lini, mama?"

"Nilipovunja ungo. Baba yangu aliinunua kwa wafua vyuma."

"Inakubana sasa."

"Inabana kweli. Mkono ulivimba nilipozaa, haukurudi tena."

Mazungumzo yakifika hapo, Roda hakubembeleza. Alitazama juu kwenye nyasi za paa na kuanza habari za mabati. Alisema kuna mabibi wamebeba mabati ya nyumba nzima mkononi na hawajui. Bibi alicheka. Wajukuu wakaleta sabuni na maji, mkono ukapakwa, ukavutwa, ukapakwa tena, hadi bangili ikatoka. Pale ilipokaa miaka yote palibaki mkanda wa ngozi nyororo kama ya mtoto mchanga, na bibi aliuficha ndani ya khanga kana kwamba amevuliwa nguo mbele za watu.

Zamani Roda aliuza vitenge. Serikali ilipofungua biashara, mpaka wa Tunduma ukawa soko, vitenge vya ng'ambo vilimlisha yeye na binti yake Violet kwa miaka kadhaa. Halafu kila mwenye miguu akauza vitenge. Ndipo akaja dalali mmoja aitwaye Efraimu, akakodi uwanja nyuma ya nyumba ya wageni karibu na mpaka, na kuanzisha mnada wa vitu vya kale kila mwisho wa mwezi. Viliuzwa vigoda, ngoma, shanga, sarafu za Mjerumani, lakini vilivyogombewa hasa ni bangili na vikuku vya shaba. Wanunuzi walitoka Arusha, Dar es Salaam na Lusaka. Aliyeogopwa kuliko wote ni Mzambia mmoja aitwaye Sunday, mtu mpole mwenye miwani, aliyepandisha bei kwa kuinua kidole tu. Ilisemekana aliwanunulia Wazungu wenye makabati ya vioo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo wafanyabiashara wa bangili walilijua na hawakulizungumza. Shaba inayovaliwa hung'aa kwa ndani, maana ngozi huisugua kila siku. Shaba iliyolala ardhini hushika kutu ya kijani, na udongo hujificha kwenye mikunjo yake. Mabibi wenye bangili walipoanza kuwa haba, zilianza kuletwa za kijani. Efraimu aliziosha kwa limau na majivu. Roda aliziona mezani, akajiambia huenda ni mali iliyofukiwa na watu wa kale wakati wa vita, kisha akatazama pembeni.

Mama yake mwenyewe, Marita, alifariki mwaka themanini na nane kule Msangano. Alizikwa na bangili zake, seti nzima ya mkono wa kushoto. Mzee wa kanisa alitaka zivuliwe, akasema Mkristo hahitaji shaba mbinguni. Roda alikataa, kwa sababu mama aliomba hivyo mwenyewe, na kwa sababu hazikuvulika. Moja ilikuwa na ufa. Baba yake Roda aliifunga kwa kipande cha spoku ya baiskeli, akakipondaponda hadi kikalala sawasawa, na mama alimtania kwa kazi ile mpaka siku ya mwisho. Nyumba na shamba vilibaki kwa Yonasi, kitinda mimba. Roda ndiye aliyemlea, akamwoza mke, Restuta. Kaburi lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Mnada wenyewe ulifanyika Agosti, mwaka elfu mbili na moja. Upepo ulivuma tangu alfajiri na vumbi la malori yaliyosubiri kuvuka liliingia hadi kwenye chai. Roda alipaswa kuwa Hasamba siku hiyo, lakini alikuta msiba kwenye nyumba aliyokuwa akiiendea, akageuza. Aliingia uwanjani mnada ukiwa umeshapamba moto, akajipenyeza kati ya watu hadi mbele.

Efraimu aliinua fungu lililofuata, bangili za shaba nyekundu zilizotungwa kwenye kamba ya katani. Zilikuwa zimeoshwa hadi zikametameta. Alizitikisa zilie.

"Kazi ya mkono, haipo tena. Nani anaanza?"

Mtu wa Arusha alianza. Sunday akainua kidole. Bangili zilizunguka kwenye kamba, na Roda akaona kipande cheupe kilichopondwa.

Hakuelewa mara moja. Kwanza alifikiri, kumbe kuna mwingine aliyefunga bangili kwa spoku. Kisha alinyoosha mkono akaishika, na kidole gumba chake kikapata njia kiliyozoea kupita alipokuwa mtoto mgongoni mwa mama yake, pale ambapo ncha ya chuma ilibaki imekaa juu kidogo.

"Mayo, ngoja zamu yako," Sunday alisema kwa upole, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Hizi ni za mama yangu," Roda alisema.

Efraimu alicheka kidogo. "Basi mama ameuza, Mama Violet. Tuendelee."

"Mama yangu amekufa. Alizikwa nazo."

Hakupiga kelele. Lakini waliokuwa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma, na neno likakua kadiri lilivyokwenda. Miaka ile wilaya yote ya Mbozi ilikuwa na hofu. Watu walisimuliana habari za waliouawa na kuchunwa ngozi, na kila mgeni alitazamwa mara mbili. Lilipofika getini, neno halikuwa tena bangili. Lilikuwa viungo vya maiti.

"Nani kazileta?" mtu aliuliza.

Sheria ya mnada ilikuwa kutomtaja muuzaji. Efraimu alitazama nyuso zilizomzunguka, akanyoosha kidole kuelekea ukutani.

Pale alisimama mwanaume mrefu, mwembamba, kofia mkononi, aliyekuja na lori la mpunga kutoka Kamsamba. Jina lake Luhaga. Alikuwa Msukuma, mmoja wa waliohamia bonde la Momba na ng'ombe wao. Aliposogezwa mbele hakubisha. Alidhani ameitwa kupokea malipo.

"Umezitoa wapi?"

"Nimepewa nilete. Mimi nimebeba tu."

"Na nani?"

"Na rafiki yangu wa Msangano. Yonasi. Nyumba yake iko baada ya kanisa."

Watu walimgeukia Roda. Aliwahi kusikia wezi wakitaja majina ya watu wema, lakini si hivi, si jina la mtoto aliyemlisha uji kwa mkono wake, tena wakitumia kaburi la mama yao.

"Yonasi ni mdogo wangu," alisema. "Tumbo moja. Ndiye anayelinda kaburi hilo. Huyu ni mwongo."

"Mama, muulize," Luhaga alisema. "Tumuite Yonasi, mimi nitakaa hapa hapa."

"Mwongo," Roda alisema tena.

Ngumi ya kwanza ilitoka nyuma. Kofia ilidondoka na Luhaga akainama kuiokota, na hakuinuka tena vizuri. Mawe yalitoka wapi hakuna aliyejua, maana uwanja ule ulifagiliwa kila asubuhi. Roda alisukumwa hadi kwenye meza. Alisikia sauti ya Luhaga ikirudia kwamba amebeba tu, kisha akasikia Kisukuma, kisha hakusikia sauti yake tena, ila pumzi za watu wanaofanya kazi nzito. Alisema waache, wampeleke polisi. Hajui kama alisema kwa nguvu. Polisi walipofika, uwanja ulikuwa mtupu, na aliyelala chini alikuwa amefunikwa turubai la mnada. Bangili hazikuwepo mezani. Mtu mmoja alisema alimwona Sunday akipanda gari lake na mkoba kifuani.

Kesho yake Roda alikwenda Msangano. Alitaka kuona ubaya aliofanyiwa mama yake, na kumweleza Yonasi kabla hajasikia kwa wengine. Njia nzima alijiandaa kwa shimo lililoachwa wazi.

Alikuta kaburi safi. Mawe ya pembeni yalipangwa vizuri, msalaba umesimama wima, na maua mapya yamepandwa upande wa kichwa. Alifikiri, basi nilikosea, hizo hazikuwa za mama, kaburi halijaguswa. Akafikiri pia habari ya mtu wa Kamsamba, na kwamba kama alikosea, basi mtu amekufa bure. Alisogea ili ashike msalaba. Mguu wake ukazama kwenye udongo hadi kifundoni.

Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Ardhi yote ya pale ilikuwa ngumu kama kigae, isipokuwa hapo.

Yonasi alirudi kutoka bustanini, jembe begani. "Umekuja bila taarifa, dada."

"Nimekuja kuona kaburi."

"Nalitunza."

"Naona." Roda aliukung'uta mguu. "Jana wameua mtu Tunduma. Msukuma wa Kamsamba. Alileta bangili za mama mnadani, na alipobanwa akakutaja wewe."

Yonasi alishusha jembe. "Luhaga?"

Roda hakuwa amemtaja jina.

Ndani ya nyumba Restuta alikuwa akitwanga, na mchi ulipanda na kushuka bila kukosea.

"Amekufa?" Yonasi aliuliza.

"Amekufa."

Yonasi alikaa chini kwenye mawe ya kaburi, akaona alipokaa, akahama. "Nilimwambia aende siku ambayo wewe uko Hasamba."

"Alijua zimetoka wapi?"

"Hakujua. Nilimwambia ni za ukoo wa mke wangu. Alikuwa anapeleka mpunga, nikamwomba. Mwaka jana alinipa maksai wake nikalima, hakutaka kitu."

"Kwa nini, Yonasi? Restuta alikuwa mgonjwa? Watoto walikosa chakula?"

"Hapana." Alifikiri kidogo, kama mtu anayetaka kujibu sawasawa. "Nilitaka mabati. Kila ukija hapa ulizungumzia mabati. Ulisema shaba mkononi mwa mtu asiyeitumia ni hasara. Nikaona na mama haitumii."

Roda alisema, "Inuka twende polisi."

"Watanichoma moto."

"Polisi hawachomi watu."

"Na nje ya kituo watasimama akina nani, dada? Si watu wale wale wa jana?"

"Utakwenda na mimi. Jana nilisema jina lako ni safi. Leo nitasema mwenyewe kwamba si safi."

Yonasi alikubali kwa kichwa. Aliomba anawe kwanza, abadilishe shati. Alizunguka nyuma ya nyumba, Roda akasikia maji yakimwagika kwenye beseni. Alisubiri. Mchi ulinyamaza na Restuta akatoka kumkaribisha ndani, akauliza mume wake yuko wapi. Nyuma ya nyumba palikuwa na beseni lenye maji ya povu, na shati la kazi lililotupwa juu ya ua. Njia ya kwenda kwa wajomba wao ng'ambo ya mpaka haikupita barabarani, na Yonasi aliijua tangu utotoni.

Polisi walimsikiliza Roda. Askari aliyeandika aliacha kalamu katikati na kumwuliza kama ana uhakika anataka kumtaja ndugu yake. Alisema anataka. Kuhusu waliomwua Luhaga, askari alisema walikuwa wengi mno, na kila aliyehojiwa alikuwa amekwenda kunywa chai wakati ule.

Mwili ulikuwa umepelekwa Kamsamba. Roda alifuata. Alifika siku ya tatu ya matanga, jua likichoma kama linavyochoma bondeni, akakaa na wanawake kwenye mkeka, akalia nao, na hakuna aliyemjua. Angeweza kulia hivyo na kuondoka. Makene, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyemwendea akauliza kwa heshima ni nani na ametokea wapi, ili wamtafutie maji ya kunywa.

"Mimi ni yule mwanamke wa Tunduma," Roda alisema. "Mwenye bangili."

Makene alirudi nyuma, na vijana waliokaa chini ya kivuli cha zizi wakasimama.

"Ondoka," Makene alisema. "Ondoka kabla sijapoteza akili."

"Mwache aseme." Aliyesema ni Kabula, mjane, mwanamke mdogo kuliko Roda alivyomfikiria, mtoto akinyonya kifuani. "Amekuja kwa miguu yake. Mwache aseme."

Roda alisema yote. Alisema kaburi lilifukuliwa na mdogo wake, kwamba Luhaga hakujua, kwamba alitaja ukweli mbele ya watu wote. Kabula alisikiliza bila kumwondolea macho.

"Alisema nini mwishoni?"

"Alisema yeye amebeba tu. Aliniomba tumuulize Yonasi. Alisema atasubiri pale pale."

"Na wewe ulijibu nini?"

"Nilisema ni mwongo."

"Mara moja?"

"Mara mbili."

Kabula alimhamisha mtoto upande wa pili. "Watoto wangu wanaitwa watoto wa mchimba makaburi," alisema. "Jana kisimani wamefukuzwa. Haya uliyoyasema hapa, sisi tunayajua. Nenda ukayaseme pale ulipoyasema yale mengine."

Mwisho wa mwezi uliofuata mnada ulifunguliwa kama kawaida. Turubai lilikuwa jipya. Makene alikuja akasimama getini peke yake, fimbo mkononi, wala hakuna aliyemkaribia. Efraimu alipoinua fungu la kwanza, Roda alipita mbele, akageuka, akawaelekea watu.

"Mtu aliyeuawa hapa hakuwa mwizi," alisema. "Jina lake Luhaga. Kaburi la mama yangu lilifukuliwa na Yonasi, mdogo wangu. Luhaga alisema kweli na mimi nikamwita mwongo, na ninyi mkaniamini mimi kwa sababu yeye ni mgeni."

Mwanaume mmoja mnene, ambaye Roda alimkumbuka na jiwe mkononi, alikuwa akisafisha kucha zake kwa kijiti cha kiberiti.

"Sasa unataka tufanye nini?" mwishowe aliuliza. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Mama Violet, tumesikia," Efraimu alisema. Aligonga kengele yake kwa upole. "Mungu amlaze pema. Tuendelee, watu wametoka mbali."

Roda alipofika getini Makene alisogea kidogo ampishe. Nyuma yao bei zilianza kupanda.

Hakurudi tena kwenye biashara ile. Alijaribu kuuza viazi, akauza mafuta ya taa. Ndugu zake wa Msangano walimsusa kwa kumtaja mdogo wao polisi, na alipokufa shangazi yao, Roda hakuitwa. Yonasi alibaki ng'ambo kwa wajomba, akapewa shamba, na baadaye Restuta alimfuata na watoto. Roda alikwenda mara moja kujenga upya kaburi la mama yake. Alisindilia udongo kwa miguu, peke yake, akaweka zege juu.

Mwaka uliofuata, mpunga ulipovunwa, alisikia kwa wachuuzi kwamba watu wa Luhaga wanahama kutafuta malisho kusini. Alipanda lori hadi Kamsamba. Aliwakuta wameshafunga mizigo kwenye mikokoteni ya maksai, ng'ombe wametolewa zizini, watoto wamekalia magunia. Kabula alikuwa akifunga sufuria kwa kamba.

Roda alimsalimia, akaitikiwa. Alisema alichokifikiria njia nzima: kwamba kaburi linabaki bila ndugu, na yeye yuko tayari kuja kila mwaka kulipalilia.

Kabula alikaza fundo kwa meno, akalijaribu kama limeshika.

"Kaburi lake usilikaribie," alisema. "Liache liote majani."

Alipanda juu ya magunia, akampokea mtoto. Makene alipiga mluzi na maksai wakaanza kuvuta. Roda alisogea kando ya njia, akasimama kwenye majaruba makavu ya mpunga mpaka ng'ombe wa mwisho alipopita, kisha akaenda kutafuta gari la kurudi Tunduma.